Ng'ombe Hatembei Hivyo

Fahali wa kwanza niliyemchora akitembea, alitembea kama mtumbwi. Miguu miwili ya mbele ilikwenda mbele pamoja, ikarudi nyuma pamoja, halafu ya nyuma nayo ikafanya vivyo hivyo, na mwili ukateleza katikati. Mimi niliona ni sawa kabisa. Nilizaliwa Sindo, kando ya ziwa, na tangu utotoni vitu nilivyoona vikisogea vilisogezwa kwa kasia. Ng'ombe tulikuwa nao wawili watatu pale nyumbani, lakini ni nani aliyekaa akatazama miguu ya ng'ombe? Nilifurahi hadi nikamwonyesha mama anayeuza viazi meza ya pili sokoni. Akasema ni paka mzuri.

Naitwa Filister. Nauza omena, dagaa wa ziwani, soko la Kehancha, mzigo wenyewe unatoka kwetu Sindo. Nimeolewa na Maroa, Mkuria, fundi wa kujenga anayefanya kazi Migori mjini na kuja nyumbani mwisho wa wiki. Kikuria nakisikia vizuri siku hizi. Kukijibu ndiyo kazi. Kwa hiyo nyumbani wananiongelesha Kiswahili, na wakitaka kunisengenya wanarudi kwenye Kikuria wakidhani bado sielewi. Nawaachia tu. Kuna mengi nimejua kwa njia hiyo.

Kimashine nilichomchorea fahali huyo nilipewa na Asli, mwenye duka la simu Migori mjini. Tulijuana nilipokuwa nampelekea simu yangu kila mara ikiangukia kwenye gunia la omena. Kilikuja kwake ndani ya mzigo wa mitumba: mashine ya gemu ya kushika mkononi, inakunjwa na kukunjuliwa kama kile kioo cha poda, ndani ina skrini mbili, na juu ya moja unachora kwa kijikalamu cha plastiki. Gemu zote zilikuwa zimekataa kufunguka na sauti ilishakufa. Kilichobaki kizima ni sehemu ya kuchora tu. Unachora kwenye ukurasa, unaongeza ukurasa mwingine, unachora kitu kilekile kimesogea kidogo, na ukurasa wa nyuma unaonekana kwa mbali ili usipotee. Ukimaliza unabonyeza, kurasa zinafuatana mbio, na kile kitu kinatembea. Kikifika mwisho kinaanza upya bila kuambiwa. Asli alisema kwa kuwa mimi siwezi kukaa mchana kutwa sokoni bila kugombana na mtu, nichukue, labda soko litapata amani. Akanipa na chaja yake.

Sasa nieleze habari za nyumbani. Jina la baba mkwe wangu sitalitaja. Mke wa mtoto hataji, na sitaanza leo. Tumwite Mzee. Kati yangu na yeye kuna heshima. Hatupeani kitu mkononi. Hatukai benchi moja. Simwangalii usoni, wala yeye haniangalii. Nikimletea chai naiweka juu ya kigoda, narudi nyuma, ndipo anachukua. Akimaliza anaweka kikombe palepale na kugeukia upande, ndipo nakiondoa. Kwetu heshima ya wakwe ipo pia, lakini hawa wamezidi. Mwanzoni ilinichosha sana. Siku hizi naona ina raha yake, maana yeye ndiye mtu pekee katika boma hili ambaye sijawahi kubishana naye.

Mwanzoni mwa mwaka kiharusi kilimpiga. Mkono wa kulia ukafa, mguu wa kulia ukafa nusu, na maneno yakaisha yote. Ilibaki sauti moja tu, aah, ambayo ilipanda au kushuka. Hospitalini walituambia tuzungumze naye, huenda anaelewa kila kitu. Wiki za kwanza tulizungumza naye vizuri. Halafu, unajua watu, tukaanza kuzungumza habari zake yeye mwenyewe akiwa palepale.

Mchana alikaa barazani kwenye kiti cha mbao, akitazama zizi. Humo zizini alikuwemo Sirari, fahali wake mweusi mwenye kidoa cheupe kwenye paji la uso, aliyepewa jina la mji wa ng'ambo ya mpaka alikonunuliwa akiwa ndama. Alipokuwa mzima, Mzee hakuruhusu mtu mwingine amlishe. Sasa Maroa yuko Migori, na mimi naogopa, na sitaki kuchekwa kwa hilo. Mnyama ana kichwa kikubwa hivyo, niingie naye ndani ya ua mmoja nikitafuta nini? Kwa hiyo aliyempelekea chakula ni mama mkwe wangu, Nyasuguta, mwanamke mwembamba asiyeogopa chochote, au hivyo ndivyo nilivyodhani.

Kila asubuhi Nyasuguta akichukua ndoo ya pumba na kuelekea zizini, Mzee anaanza. Aah, aah, anajirusha kwenye kiti, anapiga ubao wa kiti kwa mkono wa kushoto hadi ngozi inachubuka. Nyasuguta anasema, mnamsikia, anamwita fahali wake. Majirani wakipita njiani wanasikitika. Mimi nilikuwa nikifunga magunia yangu nikisema moyoni, haya mapenzi ya Wakuria na ng'ombe, Mungu mwenyewe ndiye anayeyajua.

Basi alasiri moja akaja Cephas. Huyu ni mdogo wake Mzee, mzee wa kanisa, mtu wa sauti nene na suti ya kijivu. Alisimama barazani akaegemea kiti cha kaka yake, akamwambia Nyasuguta kwamba Jumamosi yeye na ndugu wengine watakuja kumwuza Sirari. Mnunuzi ameshapatikana Isebania. Haina maana kuendelea kulisha fahali mkubwa hivyo, kwa sababu mwenyewe hayupo tena. Alisema hivyo kiwiko chake kikiwa juu ya bega la huyo asiyekuwepo.

Nikamwuliza kama ameshamwuliza mwenye ng'ombe. Cephas hakukasirika, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayeongea na mtoto aliyefiwa, akaniambia kwa upole, "Mama, nimwulize nani?"

Alipoondoka Nyasuguta alikaa chini jikoni akasema Sirari akienda, Mzee atamfuata. Anachogeukia duniani ni yule mnyama tu. Mimi nikasema hauzwi mtu hapa. Nikachukua kimashine changu, chenye yule fahali wangu niliyemchora kupoteza muda sokoni, nikapata wazo. Nitamwonyesha Mzee fahali wake akitembea. Akimtambua, akionyesha wazi kwamba amemtambua, basi Jumamosi hakuna atakayethubutu kusimama mbele yake na kusema hayupo. Hilo tu ndilo nililotaka. Nilitaka wajue yupo, na Sirari abaki.

Nikambonyeza fahali atembee, nikaweka mashine juu ya kigoda, nikarudi nyuma na kugeukia ukuta kama inavyotakiwa. Nikasubiri. Halafu aah moja ya chini, mbaya, halafu mkwaruzo wa plastiki. Nikaiba jicho. Mzee alikuwa ameikamata ile kalamu kwa ngumi nzima ya mkono wa kushoto, anaikwaruza skrini kama mtu anayekwangua masizi kwenye sufuria. Kisha akaibwaga mashine juu ya kigoda na kugeuza uso pembeni.

Machozi yalinitoka, na hayakuwa ya huzuni, yalikuwa ya hasira. Nilijiambia nimemtusi kwa michezo ya watoto, mtu mzima wa miaka yake. Nilijiambia pia, na hili ndilo lililouma, kwamba labda Cephas anasema kweli, na aliyeko pale barazani ni mkono tu unaokwaruza kilicho mbele yake. Sikumwambia mtu. Niliosha vyombo kwa kelele hadi Nyasuguta akaniuliza sufuria zimenikosea nini.

Kesho yake sokoni nilifungua nione ameharibu kiasi gani. Hakuwa ameharibu. Kwenye ukurasa mmoja wa katikati, mguu mmoja wa mbele ulikuwa umekatwa kwa mstari, na pembeni yake, chini ya tumbo, palikuwa na mguu mwingine. Ulikuwa umechorwa kwa kutetemeka, mnene juu mwembamba chini, lakini ulikuwa mguu, una goti na una kwato. Ukurasa uliofuata vilevile: mguu wangu umekatwa, wake umewekwa mahali pengine. Uliofuata tena alikata miguu yote minne, nadhani hapo uvumilivu ulimwishia.

Nilikaa na hiyo mashine mapajani, mteja ananiuliza bei na mimi simsikii. Mtu asiye na akili hawezi kuchagua mguu. Alikuwa ananiambia ng'ombe hatembei hivyo, basi.

Nikamwachia mama wa viazi omena yangu nikaenda kusimama kando ya njia ambako ng'ombe hupitishwa kwenda mnadani. Nikatazama miguu. Mwanzoni sikuona kitu, miguu ni mingi na vumbi ni jingi. Nikachagua ng'ombe mmoja, nikatembea sambamba naye nimeinama, nikihesabu kwa vidole. Nyuma kushoto, mbele kushoto, nyuma kulia, mbele kulia. Kwato ya nyuma inakuja kukanyaga pale pale ile ya mbele inapotoka. Kumbe hawapigi kasia. Mchungaji akaniuliza kama nanunua. Nikamwambia hapana, natazama miguu tu. Akawaharakisha ng'ombe wake, na sikumlaumu.

Nilichora upya kuanzia ukurasa wa kwanza. Kazi hiyo inachosha kuliko kupepeta omena. Ukisogeza mguu sana, ng'ombe anaruka. Ukisogeza kidogo mno, anatetemeka mahali pamoja kama mwenye malaria. Alasiri nikaweka tena juu ya kigoda na kugeukia ukuta. Halafu ikaja aah ya kushuka taratibu, kama ya mtu aliyewekewa mto mgongoni. Halafu mkwaruzo, mfupi. Nilipoichukua nikakuta mkia umekatwa. Nilikuwa nimeusimamisha wima.

Basi tukaanza kazi, mimi na yeye, na kigoda katikati. Narudi sokoni naweka mashine, nageuka. Anatazama, anakata, anachora, anairudisha, anageuka. Naichukua naenda kusahihisha jikoni, narudisha. Hatukutazamana hata mara moja. Nikaona anakata tu vyangu kwa sababu hajui kuongeza kurasa zake mwenyewe, na nitamfundishaje mtu ambaye siwezi kukaa karibu naye? Nikasimama kumpa mgongo, nikainua mashine juu ya bega ili aione skrini, nikabonyeza polepole: hapa kufuta, hapa ukurasa mpya, hapa kuitembeza, hapa kuisimamisha. Nikarudia mpaka mkono ukafa ganzi. Mtu angepita njiani angedhani najikinga jua. Nilipoiweka chini, Mzee aliongeza ukurasa mara moja, bila kukosea.

Nilimwambia Nyasuguta. Akachungulia, akasema ni nzuri, akarudi kwenye ugali wake. Alikuwa na mawazo yake. Nilimpigia Maroa simu. Akaniambia nisijipe matumaini makubwa, kwamba hata yeye amekuwa akimsemesha baba yake kila Jumapili na hajajibiwa. Sauti yake ilikuwa imechoka. Nilimkatia simu. Baadaye nilijuta, lakini sikumpigia tena.

Alhamisi Mzee hakurudisha mashine kwenye kigoda. Nilikohoa, nikaburuta miguu, wapi. Aliipachika chini ya paja lake zima na kukaa juu yake. Nilichoweza ni kuvuta waya mrefu kutoka ndani na kuweka chaja juu ya kigoda, naye akaichukua na kuichomeka mwenyewe. Ijumaa alichora asubuhi hadi jioni. Maroa alipofika kutoka Migori akajaribu kuchungulia, na Mzee akaifunga. Nilianza kuogopa. Mimi nilichohitaji ni kitu kidogo tu: Sirari avuke skrini kwa mwendo wake, akina Cephas wamwone, imekwisha. Sasa Mzee alikuwa na mambo yake mwenyewe humo ndani, na sikujua kama ni picha au ni mikwaruzo. Ikiwa ni mikwaruzo, mimi ndiye ningekuwa nimempeleka mbele ya ndugu zake kumwaibisha.

Jumamosi walikuja na Biblia. Viti vikapangwa uwanjani, wanaume huku, sisi wanawake upande wa jikoni. Cephas aliomba maombi marefu, akamkumbusha Mungu mambo mengi mema ambayo kaka yake alikuwa akifanya, yote yakiwa yamepita. Akaketi, akaeleza habari za yule mtu wa Isebania. Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Mzee alikuwa barazani, nje ya duara, kama kiti kilichosahauliwa.

Mwanamke aliyeolewa, tena wa kutoka ziwani, hasemi katika kikao kama hicho. Nilijua. Nikasimama hata hivyo, na kwa Kikuria changu kibovu nikasema, "Mwenye ng'ombe yuko pale. Mwulizeni."

Cephas akafumba macho kidogo. "Ajibu kwa mdomo upi?" akasema.

Hakuna aliyecheka. Nyasuguta alinivuta nguo nikae. Ndipo Maroa, ambaye muda wote alikuwa akitazama ardhi, akainuka, akaenda barazani, akakikamata kiti na baba yake ndani yake, akakibeba mpaka katikati ya duara. Mishipa ya shingo ilimtoka kwa uzito. Akakiweka chini akiwaelekezea ndugu uso wa Mzee, akasimama nyuma yake.

Mzee akavuta mashine kutoka chini ya paja. Akaifungua kwa meno na kidole gumba. Lakini hakuwaonyesha ndugu zake. Alijipinda kwenye kiti, polepole, kwa nguvu zote za ule upande mzima, mpaka akawapa mgongo wanaume wote, akainyoosha mashine kuelekea jikoni, kwa Nyasuguta. Cephas na wenzake ikabidi wainuke waje kusimama upande wetu ili waone.

Sirari akatokea. Alitembea, nyuma kushoto, mbele kushoto, nyuma kulia, mbele kulia, kichwa kikienda juu na chini kila hatua, jambo ambalo mimi sikuwahi hata kulifikiria. Cephas akasema, "Huyo ni Sirari," kabla hajajizuia. Mimi nilitaka kupiga vigelegele. Nilitaka kumgeukia nimwambie, haya sasa, rudia kwamba hayupo.

Lakini picha haikuishia hapo. Mistari ya zizi ikatokea, na lango. Lango likafunguka. Akaingia mtu, mistari michache tu na kichwa cha mviringo, ana kitambaa kichwani na ndoo mkononi. Mtu huyo akainama kumwaga kilichokuwa kwenye ndoo. Sirari akashusha kichwa. Kurasa zikaenda mbio, na yule mtu akawa hewani, halafu akawa chini, na ndoo iko mbali naye, na hakuinuka.

Ikafika mwisho, ikaanza upya. Sirari akatembea. Lango likafunguka. Mwanamke akaingia na ndoo yake.

Mimi nilijua kitufe cha kuisimamisha. Nilikiona, kiko chini ya kidole gumba cha Mzee. Lakini mkono wangu hauwezi kwenda mahali ulipo mkono wake, hata siku hiyo haukuweza. Maroa hakukijua hicho kitufe, Cephas hakukijua, na Mzee aliyekijua hakukibonyeza. Mwanamke akaanguka. Akasimama tena langoni, ameshika ndoo, akaingia, akaanguka. Mzee aliendelea kuishikilia mashine juu. Nilimwangalia usoni, nisamehewe. Alikuwa hatazami skrini. Alikuwa anamtazama mke wake.

Nyasuguta aliinuka akaenda pale kwenye kiti, akafunika skrini kwa kiganja.

"Kumbe ulikuwa unaniita mimi," alisema.

Mzee akasema aah, ndogo, akaacha mashine iangukie mapajani.

Ndipo mama yule alipoyasema aliyokuwa ameyaficha. Tangu Mzee augue, Sirari hakumkubali. Alikuwa amembana kwenye nguzo za ua zaidi ya mara moja. Pembe ilipita hapa, akashika ubavu wake juu ya nguo. Hakumwambia mtu kwa sababu tungemwuza, na yeye aliamini kwamba fahali akiuzwa mume wake atakufa. Kwa hiyo kila asubuhi alichukua ndoo na kuingia. Na kila asubuhi mume wake, kutoka kwenye kiti, aliona kila kitu, akapiga kelele asiende, na sisi wote tukasema, masikini, jinsi anavyompenda ng'ombe wake.

Nilikaa chini. Wiki nzima nilikuwa nimepigania Sirari abaki. Nilikuwa nimewapigia wanaume wazima kelele kwamba aulizwe, na mimi mwenyewe sikuwahi kumwuliza. Nilimpa mashine ili aseme nilichotaka mimi kisemwe. Kama angetembeza tu yule fahali kama nilivyopanga, Jumatatu Nyasuguta angeingia zizini na ndoo yake, na mimi ningekuwa sokoni najisifu. Niliona haya mpaka nikashindwa kuinua kichwa. Maroa akaja akasimama karibu nami, akaniwekea mkono begani mbele ya watu wote, jambo ambalo huwa hafanyi.

Cephas alikuwa amesimama na suti yake, mikono haina pa kwenda. Nilimngojea aseme si niliwaambia, fahali auzwe. Angeweza kusema, na angekuwa na haki. Badala yake alikunja suruali kwenye magoti, akachuchumaa mbele ya kiti, akamtazama kaka yake usoni, na kwa Kikuria cha polepole akamwuliza, "Ndugu yangu, tumtoe?"

Mzee akainamisha kichwa. Ndiyo.

"Kwa yule wa Isebania?"

Mzee akafikiri. Akatikisa kichwa. Hapana.

"Basi utaniambia ni kwa nani," Cephas akasema. Akajipangusa uso kwa mkono wa koti, akaanza kutaja watu mmoja mmoja, wa kijiji hiki na wa kijiji kile, na baada ya kila jina akanyamaza na kungoja. Wengine Mzee alitikisa kichwa kabla jina halijaisha. Kwa mmoja alitoa aah kali sana hata wazee wakacheka, maana walijua ugomvi wao wa zamani. Iliwachukua alasiri nzima. Niliwapikia chai mara mbili, na ya Mzee nikaiweka juu ya kigoda na kurudi nyuma.

Jumapili asubuhi Sirari alikuwa bado zizini, anadai chakula. Nilikuwa mlangoni nafunga kitambaa cha kwenda kanisani. Nyasuguta alichukua ndoo yake ya pumba kama kawaida, akafika nusu ya uwanja, akasimama. Akarudi mpaka barazani, akasimama mbele ya kiti na ndoo mkononi, akamwuliza mume wake kama aende. Mzee akatikisa kichwa. Mama akaiweka ndoo chini, akamwita Maroa.